Mwezi wa Mwisho wa Waya

Dada mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, uzigawe kwa shemeji na kwa wapwa wangu, kila mmoja kwa ukubwa wake. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi afya ninayo, ila kinywa kimejaa chuma.

Usicheke. Mwaka na nusu sasa navaa waya za meno. Ndiyo, mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, yule uliyempa jina la Panya Buku kwa ajili ya meno yake ya mbele. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungecheka mpaka majirani waje kuuliza kuna nini.

Mpwa wangu wa kwanza akizihitaji, mwambie asiogope. Vipande vidogo vya chuma hugundishwa kwenye meno, kimoja kimoja, kisha waya hupitishwa juu yake, na siku hiyo haiumi. Maumivu huja jioni, hukaa siku tatu nne. Hapo ni uji na supu, na nta kidogo pale chuma kinapochubua shavu. Kila mwezi unarudi kukazwa. Kupiga mswaki huchukua nusu saa, na mimi nusu saa ninazo nyingi.

Kazini bado napiga pasi kwenye chumba cha nyuma cha kufulia nguo. Mashine zinanguruma kutwa, na mwenzangu wa zamu huziba masikio kwa muziki. Wiki nzima hupita sijaitwa jina langu. Nikirudi chumbani nakula nikitazama ukuta. Nina upweke, Dada, na sina namna ya kulipamba neno hilo.

Kliniki ndiko ninakosemeshwa. Daktari, mama wa makamo, hunishika kidevu akaniuliza nimelalaje, wiki imekwendaje, halafu hunijaza vyuma mdomoni hata jibu halitoki. Tunacheka wote wawili. Miezi michache iliyopita akaniambia meno yamenyooka, mwezi unaofuata angezitoa waya. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani miguu mizito.

Sasa nikwambie la aibu. Siku tatu kabla ya miadi niliazima koleo la fundi wa mashine, nikasimama mbele ya kioo, nikang'oa kipande kimoja. Daktari alipouliza nimetafuna nini, nikasema mfupa. Akakigundisha upya, akasogeza tarehe. Mwezi uliofuata nikang'oa cha pili. Safari hii alikigeuzageuza, akaona alama za koleo. Njia ya mwongo ni fupi. Hakunigombeza. Alivua glavu, akavuta kiti, akaniuliza nyumbani nakula na nani. Nikamwambia sina mtu. Akasema waya zinatoka tarehe ishirini, na siku hiyo nisije na koleo, nije na mtu.

Nimewahesabu watu ninaowajua mji huu. Nimempata fundi wa mashine, na koleo lake sijalirudisha.

Njoo, Dada. Siku hiyo hupigwa picha ya mwisho, na mtu hutakiwa acheke. Ile ya kwanza nilifunika mdomo kwa mkono. Ukisimama pale mlangoni ukaniita lile jina, nitacheka bila kujificha. Kama haiwezekani, niandikie mapema, nisije nikashinda nikiutazama mlango.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako, meno yamenyooka lakini bado,
Panya Buku