Kinu Ulichokibeba Hadi Ruangwa

Shemeji yangu Issa, uliyelala Nambambo,

Usishtuke kupata barua yangu. Ulizoea kusema kwamba Bwana Karanga, yaani mimi, akishika kalamu, basi kuna mtu anataka kudanganywa. Shule nilikaa miaka miwili tu, na siku nilipoacha aliyefurahi zaidi alikuwa mwalimu. Lakini hili nataka liandikwe na wengine walisome, maana nilipaswa kulisema mbele za watu nikiwa kijana, nikaona haya.

Unaukumbuka mwaka ule kazi ya mashamba ya karanga ya Waingereza ilipopungua Nachingwea. Matrekta yalinyamaza moja baada ya jingine, nasi tuliokuwa tunang'oa visiki tukaambiwa twende makwetu. Mjomba wangu alikuwa ameniachia shamba Ruangwa. Nikamwambia dada yako Somoe afunge vyombo. Aliniuliza jambo moja tu: "Kaka umemwambia?"

"Nitamwambia," nikamjibu.

Ulikuwa uongo, shemeji. Nambambo si mbali, ningefika kwako na kurudi siku hiyo hiyo. Niliogopa utakataa. Kwetu huku mke hahamishwi kama kuku wa sokoni. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, na kaka ndiye mwenye neno. Hata chombo cha kwanza kutoka ndani ya nyumba siku ya kuhama, ni yeye anayekitoa kwa mkono wake. Yote hayo niliyajua. Nikapiga hesabu zangu za darasa la pili: tukishafika Ruangwa utakuja, utagomba, tutachinja jogoo, yataisha.

Basi nikatafuta wa kunihamisha. Dereva wa lori la mwenye duka alitaja bei, nikamwuliza kama bei hiyo anabeba na nyumba yenyewe. Nikaishia kwa wapagazi wanne wa Lionja: ujira wao, posho ya unga ya njiani, na shuka moja kwa mkubwa wao. Nilitembea kifua mbele kutwa nzima. Nilidhani nimehama kwa bei ya chini kuliko mtu yeyote Nachingwea.

Asubuhi ya safari, wapagazi walikwisha kata miti ya mzegazega, ya kubebea mizigo wawili wawili, kuku wako ndani ya tenga, sanduku la bati limefungwa kamba. Mkubwa wao akachungulia mlangoni, akauliza, "Kaka wa mama yuko wapi?"

"Yuko njiani," nikasema.

Mungu naye ana utani wake. Uongo haujapoa mdomoni, wewe huyo umetokea, vumbi hadi magotini. Sijui nani alikupasha habari. Ulitazama kamba, ukatazama tenga, ukanitazama mimi.

"Shemeji, hamjambo? Naona mnafagia nyumba."

Niliinama kukaza kamba ya sanduku iliyokwisha kazwa. Yule mpagazi akaelewa. Aliitua ncha ya kitanda chini, akajifuta mikono. "Bwana," akaniambia, "sisi tunabeba mizigo. Hatubebi dada za watu."

Nilingoja unipige. Afadhali ungenipiga. Uliingia ndani, ukatoka na kinu cha Somoe, kile cha mninga alichokichonga marehemu baba yenu. Ukakipandisha begani, ukasema, "Twendeni." Somoe alilia kidogo, akamfunga mtoto mgongoni, akakufuata. Nyuma yake wapagazi. Nyuma kabisa mimi, mwenye safari yangu.

Siku mbili, shemeji! Kinu kile hata mbuzi kikimwangukia hainuki. Nilikukimbilia mara tatu: "Lete nikupokee." Ukanijibu bila kugeuka, "Wewe umeshalipa watu wa kubeba, Bwana Karanga. Mimi sijalipwa." Wapagazi wakacheka. Jina hilo lilinishika tangu siku ile, na wewe ulikula chungu kimoja na wao, si na mimi.

Siku ya pili bega lako lilikuwa limevimba, ukaliwekea kata ya majani ukaendelea. Ruangwa ulikitua kinu barazani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Maji ya Somoe uliyanywa. Ugali wangu hukuugusa. Ndipo ukasema lile neno:

"Ungeniuliza, ningekuambia nenda."

Ukageuka, mchana ule ule, ukarudi na njia yako.

Kila mwaka ulimletea dada yako ufuta. Ulikaa barazani, ukacheza na watoto, ukala kwa jirani. Bega lako la kulia lilibaki chini ya la kushoto. Nami, mjinga, nikalifanyia utani, nikisema unainama kusikiliza siafu. Ulicheka na wengine. Kila ulipocheka nilijua kwamba neno la kukuomba radhi ni dogo, lingetoka na moshi wa sigara tu. Halikutoka. Siku tuliyokuzika nililishika jeneza lako hatua chache wakanipokea, nikakumbuka kwamba wewe hukupokewa.

Sasa Somoe amezeeka na anataka kwao. Mwezi uliopita alikuwa anapepeta mchele, akasema bila kuinua uso, "Nirudishe Nambambo. Ila safari hii uombe."

"Nimwombe nani, mama? Mwenye neno amekufa."

"Kwani kaburi lake hulijui?"

Wanao, hawa wa Somoe, wamekwisha kodi lori. Dereva ametaja bei, nami sikumtania. Nimewaambia hakuna kamba itakayofungwa kabla sijaja kwako Ijumaa, peke yangu, nikusomee karatasi hii.

Basi hodi, shemeji. Naomba kumhamisha dada yako, kumrudisha kwenu. Namwomba kwako kama nilivyopaswa kumwomba ule mwaka wa karanga. Na nisamehe, kwa lile bega.

Kinu siwezi tena kukiinua, kitapanda lori. Lakini mchi wake nitaubeba mimi, begani, kutoka barabarani hadi mlangoni kwenu, wala simpi mtu anipokee. Ukiniona nimepinda, nicheke. Una haki.

Ni mimi mume wa dada yako,
Bwana Karanga