Dania Yangu Inasifiwa kwa Jina la Jirani

Mpendwa Mama Dado,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Minjila, halafu nisaidie, maana nimeshinda na sijui ushindi wenyewe niupeleke wapi.

Mimi ni mwanamke wa Kisomali, mume wangu Farah ana duka la nafaka, kwao ni watu wa ngamia na mbuzi, na siku ya kwanza nilipoolewa mama mkwe wangu, Mama Hamdia, aliniambia wazi kwamba mke wa mwanawe hatashika jembe, kulima ni kazi ya watu wa mtoni, nami nikaitikia, lakini baada ya yale mafuriko barabara ilipokatika na fungu la dania likawa halipatikani hata kwa kuomba, jirani yangu Lois, ambaye ni Mpokomo, mmoja wa hao hao watu wa mtoni, alinipa mche wa mnanaa kwenye kopo la majani ya chai, na hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu mche ule ulishika.

Nikataka zaidi, nikapanda dania kwenye magunia, na kwa vile sisi watu wa mifugo samadi haituishii nikaona nisiwe mchoyo, nikazoa moto moto kutoka zizini nikajaza magunia mpaka juu, siku ya tano miche yote ikawa imeungua, na Lois alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Mama Adan, hiyo samadi bado inachemka, iache ilale miezi mitatu kwanza, wewe unapika mboga kabla hujavuna?" Nikaiacha ilale, nikajenga uchaga wa miti ya mathenge ili maji na mbuzi visifike, nikautandia chandarua kuukuu kupunguza jua, na leo Mama Dado ukija utaona dania imesimama, mnanaa unamwagika chini, mrihani, mchaichai, na pilipili ya kusagia basbaasi, ile chachandu yetu ya kijani ambayo Farah asipoiona kwenye wali ananuna.

Shida ni kwamba mama mkwe alipokuja kutoka Nanighi akauona uchaga, niliogopa, nikamwambia ni wa Lois, ameniomba nafasi kwa sababu kwake kunajaa maji, na Lois akanifichia siri mwaka mzima. Sasa wifi yangu Habon anaolewa wiki mbili zijazo, na mama mkwe alimwita Lois hapa kwangu mbele ya wanawake wote akamwagiza majani ya harusi nzima, akasema hajawahi kuonja dania kama hiyo, na shangazi yake Farah akadakia kwamba watu wa mtoni hawajui kingine, kuchimba udongo tu, wanawake wakacheka, na mimi nikacheka, Mama Dado, nilicheka na Lois amesimama pale ameshika chupa ya chai yangu.

Tangu siku hiyo haji kwangu. Nilimfuata akaniambia, "Uongo wako nimeubeba. Kile kicheko sikibebi." Farah anasema ninyamaze harusi ipite. Nikisema, mama mkwe anaweza kuung'oa uchaga wote. Nisiposema, nampoteza Lois. Nifanye nini?

Dahabo, Minjila

*

Dahabo,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa njaa na mara ya pili kwa hasira.

Tuanze na njaa. Hongera! Mwanamke anayeotesha dania kwenye jua la Minjila, juu ya uchaga, baada ya kuunguza ya kwanza yote, hana sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya mtu yeyote. Umefanya jambo kubwa, na mimi nalisema kwa sababu wewe mwenyewe umeogopa kulisema.

Sasa hasira. Unadhani kosa lako ni bustani? Bustani si kosa. Hata ule uongo nauelewa, mama mkwe ni mama mkwe. Lakini ulimcheka mwalimu wako nyumbani kwako, na ameshika chai yako. Aibu! Na wala usinieleze kwamba kila mtu alicheka.

Leo, kabla hujamwagilia, nenda kwa Lois. Usimpelekee zawadi. Mwambie, "Nilikucheka na nimekosa," kisha funga mdomo umsikilize. Akikufokea, ana haki.

Halafu mama mkwe. Usimpigie simu na usimtume Farah. Mngoje aje, mshike mkono, mpeleke mpaka uchagani mchana kweupe, umwambie ni wako na aliyekufundisha ni Lois. Usilie, na usiseme ulikuwa unajaribu tu. Akiamua kuung'oa, atang'oa miti. Ujuzi umo mikononi mwako, utajenga mwingine. Na huyo Farah anayenunia basbaasi asimame kando yako, asijifiche dukani.

Tena vuna alfajiri, chukua mabua ya nje uache ya ndani, yafunge kwenye gunia bichi. Majani ya harusi yasije yakanyauka ukaniaibisha na mimi.

Mama Dado

*

Wasomaji wangu, jibu hili nilimtumia Dahabo kwa simu kwa sababu harusi ilikuwa mlangoni. Jumatatu amenirudishia ujumbe, nauweka kama ulivyo:

"Mama Dado, nimesema! Lois alinifokea robo saa nzima, kisha akaniuliza kama nimemwagilia. Mama mkwe aliuzunguka uchaga mara mbili, nikajua nimekwisha, Farah naye jasho linamtoka. Akachuma jani la mrihani, akalinusa, akasema, 'Mwaka mzima namshukuru mtu mwingine, na wewe unaniangalia tu?' Alikasirikia hilo, si jembe. Siku ya harusi tulikata mimi na Lois tangu alfajiri, sufuria saba, hakuna jani lililonyauka. Wanawake walipokaa kula, yule shangazi akauliza kijani hiki kitamu kimetoka wapi. Nilikuwa nafungua mdomo, mama mkwe akanitangulia: 'Kimelimwa na mke wa mwanangu. Mwalimu wake ni huyu Lois. Mpishe hapo akae.'

Shangazi alisogea."