Mama Mukwe, Ulikuwa Unakunywa Yote Mbili

Mpendwa mama mukwe,

Wajukuu wako wanakusalimia kutoka huku Nchelenge. Najua wifi ndiye atakayekusomea barua hii huko Pweto, ng'ambo ya ziwa, na kuna mahali atacheka. Mwache acheke.

Ulipokuja kukaa nasi, vidole vyako vilikuwa vimevimba hata pete ya ndoa haiingii tena. Ni miaka mingi ya kupasua samaki na kuwatia chumvi pale ufukweni. Magoti nayo yalikuwa ya moto ukiyagusa. Asubuhi ulishika ukuta kwanza ndipo usimame. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi juzi tu, nikajiona najua kila kitu. Nikakuletea vidonge vya maumivu. Ulivipokea kwa mikono miwili, ukasema aksanti, kisha ukaenda nyuma ya nyumba kutwanga tangawizi na manjano, ukachemsha pamoja na maganda ya muti ambao hukutaka kunitajia jina.

Siku moja nikamwaga chupa uliyotilia maji hayo. Nikasema mbele ya mwanao: "Mama, hii si dawa, ni maji ya matope." Uliisuuza chupa ukaianika juani, na kwa siku tatu tukawa watu wa kusalimiana tu.

Wiki chache baadaye hukuamka kufagia. Nilikukuta umekaa kwenye godoro, jasho linakutoka, umeshika tumbo, na ukaniambia kwa aibu kwamba choo chako ni cheusi kama lami. Nilijua maana yake: damu ilikuwa inavuja tumboni. Jirani akatupeleka hospitali kwa gari lake, kichwa chako kikiwa mapajani mwangu, nami naomba Mungu njia nzima.

Daktari aliuliza unatumia dawa gani. Nikakujibia mimi: "Vidonge tu." Ukainua mkono.

"Mukwe wangu, usinikasirikie. Mi niko nakunywa yote mbili. Vidonge ni juu sitaki kukuhuzunisha, na muti wangu ni juu ndiyo naujua. Siku maumivu inazidi, nakunywa vidonge mara mbili."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akauliza majani gani, maganda gani, kiasi gani, tangu lini. Ndipo akasema: "Mama hakukosea. Ndani ya tangawizi na manjano kuna vitu vinavyotuliza uvimbe. Lakini vidonge navyo vinafanya kazi hiyohiyo, na vinaumiza tumbo, hasa ukizidisha. Ukichanganya na miti yenye nguvu, damu inaweza kuchelewa kuganda. Na haya maganda siyajui, basi tuyaache." Akanigeukia, maana alijua mimi ni muuguzi. "Sista, ulimuuliza?"

Ulipopona tukarudi nyumbani, nilipiga magoti jikoni kukuomba msamaha. Ukasema: "Simama, utachafua kikwembe ulichovaa." Halafu ukanitajia jina la ule muti, kwa Kitabwa, lugha ya kwenu, mara mbili, ili nilishike vizuri.

Tangu hapo tulipika pamoja, hadi uliporudi Pweto. Tangawizi na manjano tulitia ndani ya mboga, kidogo. Vidonge vile uliviacha, daktari akakupa dawa nyingine. Jioni nilikukanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto, nawe unanieleza habari za mume wangu alipokuwa mtoto mkaidi. Vidole havikunyooka tena, lakini ulimbeba mjukuu mgongoni hadi ziwani na kurudi. Nilikuwa nasimama mlangoni kuwatazama, na roho yangu ilitulia.

Siku hizi kila mgonjwa namuuliza: "Na nyumbani unatumia nini?" Nauliza polepole, bila kukunja uso. Wiki iliyopita mama mmoja aliyevuka ziwa kutoka Kilwa, ile ya ng'ambo kwenu, alinitazama sana, kisha akafungua furushi lake akaweka mizizi mezani. "Sista, hakuna mutu aliniuliza mbele yako, wewe wa kwanza," akasema. Tulikaa muda mrefu, mzizi mmoja mmoja.

Jambo la mwisho. Vidole vyangu navyo vimeanza kukaza asubuhi. Usishtuke, nimemwona daktari na nimemwambia vyote ninavyokunywa. Sasa nakuambia na wewe, usije ukasema nimekuficha.

Mwezi wa sita tunavuka na watoto. Utuandalie mahali pa kulala.

Mukwe wako anayekupenda,
Mama wa wajukuu wako