Saluti ya Fundi Viatu

Baba,

Maharage yako jikoni, yapashe tu. Dawa ya Bibi ni baada ya kula, hata akikugombeza.

~~Siendi kwenye usaili.~~ Nimeenda.

Lakini wewe nawe! Mtoto anaomba uofisa wa ujasusi jeshi la wanamaji, unatangaza mtaa mzima? Asubuhi hii fundi viatu kanipigia saluti, kiatu cha mteja mkononi. Bibi naye kasikia "jeshi la majini", anawaambia majirani nakwenda kupeleleza mashetani. Nilicheka mpaka nikaliona shati ulilonipigia pasi alfajiri. Nikalivaa.

Baba, yale maombi niliyatuma kumsindikiza mwenzangu wa chuo tu. Yeye hakuitwa, nikaitwa mimi. Ukafurahi vile, na tangu hapo sina pa kutokea. Mimi nataka nimalize chuo, nifundishe hesabu. Wakiniuliza kama naweza kuwaficha jambo watu wa nyumbani, nitasema naweza, maana hili nimekuficha huku nakula na wewe sahani moja.

Simu wanazikusanya getini. Nitasimama nje kidogo, yangu mkononi. Nipigie, Baba. Niambie tu, rudi.

Binti yako, siyo afande