Gonga Bakuli Mara Tatu

Jumanne, 6 Machi

Solange anafunga. Amesema leo mchana huku anatuwekea supu mezani, kwa sauti ileile anayotumia kutuambia haradali imekwisha. Mwisho wa Juni anafunga bistro, huu mkahawa wake mdogo, anahamia Bordeaux kwa binti yake, Maryse. Wageni hawaji. Wote wanaishia ng'ambo ya daraja, kwenye ule mkahawa wenye menyu ya picha na bata wa kutoka kwenye pakiti. Sisi wa kila siku tumebaki wachache, na mmoja wetu ameambiwa na daktari asiguse mafuta.

Nilikula supu yangu ya kitunguu saumu. Nilipobakiza kidogo pale chini nikamimina divai nyekundu, nikanyanyua bakuli kwa mikono miwili, nikanywa. Hiyo ndiyo chabrot, kama alivyofanya baba, kama alivyofanya babu. Leo haikushuka vizuri.

Watu walipotoka Solange alikuja kunywa kahawa yake kwenye kile kiti cha kushoto kwangu. Tangu mumewe afariki, hapo ndipo anapopumzishia miguu. Marcellin, yule aliyekuwa na bucha, hukaa kulia kwangu. Akanikanyaga chini ya meza. Sema kitu, we mzee.

Nikasema: "Supu ilikuwa nzuri, Bi Solange."

"Ahsante, Bwana Bourdeix."

Basi, ikaishia hapo. Nimeezeka karibu kila paa la mji huu, hata mnara wa kanisa nimeupanda, na sikuogopa. Lakini mwanamke na kikombe chake cha kahawa — ulimi unakufa ganzi.

Alhamisi, 15 Machi

Nimeudhika tangu mchana na bado nimeudhika.

Nafika Kwa Solange, nakuta mwanamke mgeni kwenye kiti changu. Na si kiti tu! Solange alikuwa jikoni, basi bibi huyo kajihudumia mwenyewe. Kaenda kwenye kabati la vishubaka pale mlangoni, kachukua kitambaa cha kufutia mdomo kutoka kishubaka chenye jina langu, na yuko mezani anajifutia. Kitambaa changu. Hapa kwetu mtu atakuazima gari kabla hajakuazima kitambaa chake.

Nikakaa kiti cha Marcellin. Marcellin akazunguka, akaenda upande wa pili wa mgeni. Ni Mbelgiji, anaitwa Griet, anazunguka Ufaransa akila, kisha anawaandikia wasafiri wanaopenda chakula kizuri ni bistro zipi amezipenda. Akapiga picha supu. Akapiga picha mkate. Aliponiona namimina divai kwenye bakuli, macho yakamtoka. Ni mila? Ni mila, nikasema. Inafanywaje?

Hapo shetani akaniingia.

Nikamwambia unabakiza supu kidogo, unamimina divai. Hilo ni kweli. Kisha, nikaendelea bila kupepesa, unagonga meza kwa bakuli mara tatu, unambusu aliye kushoto kwako, ndipo unakunywa. Usipobusu, divai inageuka siki tumboni.

Marcellin alipaliwa na mkate. Griet akagonga mara tatu, supu ikamrukia kwenye miwani, akageuka kushoto. Kushoto kwake alikuwa Marcellin. Busu la shavu, tena lenye mlio. Yvonne, mke wa Marcellin, alikuwa na habari zote kabla mumewe hajafika nyumbani.

Ijumaa, 20 Aprili

Maryse amempigia mama yake simu kutoka Bordeaux akamsomea. Griet ameandika na sisi tumo! Supu ya kumfufua mtu. Bata anayeachia mfupa ukimwangalia tu. Pai ya plamu. Halafu, mwishoni kabisa, mila ya kale ya busu la kushoto, ambayo ulimwengu haujaijua.

Solange akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mila gani hii jamani? Mimi nimezaliwa mtaa huuhuu."

Marcellin akaanza kuchunguza dari. Mimi nikaomba chumvi. Supu ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Jumamosi, 12 Mei

Hakuna pa kukaa. Wajerumani, Wajapani, ukoo mzima wa Waholanzi, na watu wa Paris. Hao wa Paris ndio wagumu kuliko wote, wanataka kujua kama bata alilelewa kwa furaha. Na wote: gonga, gonga, gonga! Masikio yangu bado yanavuma. Bakuli moja limepasuka, suruali za watu zimelowa supu, na watu ambao hawajuani hata majina wanabusiana saa saba mchana. Mimi nimebusiwa na daktari wa meno kutoka Rennes, masharubu yake yanadondosha divai. Nilimwambia mimi niko kulia kwake. Akasema Rennes hawabagui.

Lakini Solange amecheka. Mwingereza mmoja alifumba macho kwa heshima ya mila, jirani yake akainama kuokota uma, Mwingereza akabusu nguzo. Solange akaegemea mlango wa jikoni akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Sijasikia kicheko hicho tangu siku za marehemu mumewe. Nikasahau kwamba nimekasirika.

Kahawa yake ameinywa kwa kusimama. Kiti cha kushoto kwangu kilikuwa na Mholanzi.

Jumatano, 23 Mei

Nchi hii imeoza.

Leo meya amekuja kula na kuwasalimu wageni. Amewaambia bibi yake alikuwa akigonga bakuli namna hiihii. Mara tatu! Anakumbuka kama jana. Bi Rouquet, yule mwalimu mstaafu, naye amepata chanzo chake: ni zama zile za vita na Waingereza, wanaume walibusu wa kushoto kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na upanga. Nikamtazama Marcellin anisaidie. Marcellin, aliyekuwepo, aliyebusiwa! Akajikuna kidevu akasema, "Unajua, labda uliisikia mahali utotoni, ukasahau."

Nikawaambia wote waziwazi. Ni uongo, nimetunga mimi, kwa hasira, siku kitambaa changu kilipochukuliwa.

Meya akanipiga bega. "Mzee Anselme, acha kujivuna. Mila haina mwenyewe."

Meza nzima ikamuunga mkono. Nikaonekana mimi ndiye ninayetaka kuiba mali ya umma. Solange alikuwa anakata mkate. Kisu kilisimama kidogo.

Ijumaa, 8 Juni

Maryse amekuja, na hakuja peke yake. Amekuja na Bwana Castaing, mwenye mikahawa kadhaa huko Bordeaux, viatu vimechongoka mbele. Anataka kuinunua Kwa Solange.

Nimekaa nalifikiria hili tangu nirudi. Mwezi Machi hakuna aliyeitaka bistro ile hata bure. Solange angefunga mlango tu, na nani ajue, pengine siku ya kuondoka moyo ungemgomea. Angebaki mjini, hata kama bila supu. Sasa ana mnunuzi, binti yake anafurahi, hana sababu hata moja ya kubaki. Na aliyemtafutia mnunuzi ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Castaing anataka kila kitu kibaki kama kilivyo. Meza, nguzo, kabati la vitambaa, mila. Kisha akaninyooshea kidole nikiwa na bata mdomoni: "Na yule mzee naye abaki, wageni wanampenda." Nikajiona kama saa ya ukutani. Marcellin akauliza kama yeye pia amo kwenye mauzo, akaambiwa hapana, akanuna mpaka kahawa.

Solange amesema atajibu Jumatatu, Castaing ampigie simu saa kumi. Aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi. Au alikuwa anatazama sahani yangu kama nimemaliza. Sijui.

Nampenda mwanamke huyu. Haya, nimeandika. Limo humu sasa na halitoki.

Jumapili, 10 Juni

Marcellin kaja na chupa. Utamwambia? Nitamwambia nini? Haya, kunywa. Tukanywa.

Jumatatu, 11 Juni

Jumatatu bistro hufungwa. Karibu saa tisa alasiri Solange kanipigia simu: vigae viwili vimehama juu ya jiko, naomba uje uvitazame, Bwana Bourdeix. Nikabeba ngazi, nikapanda. Hakuna kigae kilichohama. Paa lile nililiezeka mimi, nalijua kuliko ninavyoujua mgongo wangu. Nikashuka nikamwambia paa ni zima.

"Najua," akasema. "Kaa. Supu iko tayari."

Ilikuwa meza yetu. Mabakuli mawili. Kitambaa changu kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa. Hakuna Wajerumani, hakuna Marcellin. Akakaa kushoto kwangu, na kwa mara ya kwanza alikaa kula, si kupumzisha miguu. Tulikula. Supu ilikuwa kitu cha kuliza, lakini sikusema, nilishawahi kusema hilo na halikunisaidia.

Mabakuli yalipokaribia kwisha akasema: "Ile mila uliitunga wewe."

"Ndiyo."

"Nilijua tangu siku ile Maryse aliponisomea. Uliomba chumvi, na wewe huombi chumvi." Akayakung'uta makombo kwenye kitambaa cha meza. "Kugonga nimeelewa, ulitaka yule mama wa watu ajirushie supu. Mara tatu, sawa. Kitu kimoja tu kinanisumbua. Kwa nini kushoto?"

Nikasema hakuna sababu, lilinijia tu.

"Kushoto kwako hukaa nani, Anselme?"

Anselme. Miaka yote hii nimekuwa Bwana Bourdeix, hata siku nilipoanguka kwenye ngazi yake na yeye ndiye aliyenifunga bandeji. Bwana Bourdeix, kaza meno. Na leo Anselme.

Nikautazama mkate. Ulikuwa umelala tumbo juu, kwetu huo ni mkosi, nikaugeuza. Nikaugeuza tena. Solange akachukua chupa, akamimina divai kwenye bakuli langu, si lake. Akalishika yeye mwenyewe kwa mikono yote miwili. Akagonga meza. Akagonga tena. Kisha akatulia, bakuli langu liko hewani, ananitazama.

Nikasema nakwenda kunawa mikono.

Mimi! Mtu mzima, niliyesimama kwenye msalaba wa kanisa siku ya upepo! Naandika haya chooni Kwa Solange, juu ya goti, kwenye hiki kidaftari kisichotoka mfukoni mwa koti. Mikono sijanawa. Nikitoka nitasema nini? Nitasema abaki. Nitasema supu — hapana, supu basi. Nitasema abaki.

Simu ya kaunta inalia. Ni Castaing, saa kumi imefika. Inalia. Sisikii mtu akienda. Bado inalia.

Imenyamaza.

Hakuipokea.

Sasa nasikia kiti kinasogezwa. Viatu vyake, vile vya jikoni, vinakuja huku. Polepole. Vimesimama hapo nje.

Amegonga mlango. Mara moja tu.

Hiyo ni ya tatu.