Mafungo ya Watumishi, Siku Tatu

Jumatatu, 1 Septemba

Kayanga. Sampuli kumi na nane za kahawa kabla ya chai. Zote kavu. Nikazipima tena kwa sababu siku hizi sijiamini.

Yale magunia ya stoo ya Kimuli yaliyorudishwa na mnunuzi kwa sababu ya ukungu yananiandama. Karatasi ya kupitisha ubora ina sahihi yangu, basi mkosaji ni mimi. Jumatatu ijayo nasimama mbele ya kamati ya nidhamu, na watu wameshaanza kunitafutia mrithi. Miaka tisa ya kazi kwenye ushirika huu! Kahawa ile ilikuwa kavu, ukiitikisa kiganjani inalia. Nilisema, hakuna aliyesikia.

Leo kuna tangazo ukutani. MAFUNGO YA WATUMISHI, SIKU TATU. Chini yake meneja kaorodhesha faida: mshikamano, kuondoa msongo, kuaminiana. Kuaminiana! Na watu hawahawa wananipisha koridoni bila kunitazama. Wakulima wanaleta kahawa kila siku, sisi tunafunga ofisi tukaaminiane.

Jumanne, 2 Septemba

Kimuli. Ndoo ya kukinga maji ya mvua bado iko palepale stoo, chini ya bati lililotoboka. Nilipomwonyesha meneja ndoo hiyo mwezi jana aliniambia nisitafute pa kusingizia.

Nimempa mtunza stoo, mzee wetu Ta Rwegasira, shikamoo yake. Ameitikia akiangalia chini. Halafu kaniuliza, "Hayo mafungo, padri anatoka wapi?" Nilidhani ananitania, nikacheka, nikaondoka. Kosa ni la meneja. Katafuta Kiswahili cha 'retreat', neno lake la semina, kaangukia neno la kanisani. Kwetu sisi mafungo ni kusali, kufunga kula na kuungama.

Jumatano, 3 Septemba

Rugu. Hosteli ya parokia. Fulana za kijani. Maputo! Watu wazima wenye wajukuu wanakimbizana na maputo.

Mwezeshaji, dada mmoja kutoka Mwanza, kanifunga kitambaa machoni. Nijiangushe kinyumenyume, wenzangu watanidaka. Nikauliza nani yuko nyuma. Meneja. Yuleyule aliyenisainia barua ya onyo. Sikujiangusha. Nimesimama pale mpaka wakachoka. Dada kaandika kwenye karatasi kubwa kwamba kuna mwenzetu hajafunguka. Nilitamani kuichana ile karatasi.

Ta Rwegasira hakuwa anatania. Kaja na shati jeupe, rozari na Biblia. Mchana hakugusa matoke wala nyama, kanywa maji tu. Dada alidhani ni tumbo, akamtafutia vidonge. Watu walicheka. Mimi pia, na sasa najichukia.

Alhamisi, 4 Septemba

Niandike vizuri, nisije nikasahau.

Asubuhi dada alitukalisha duara. Kila mmoja aseme jambo moja linalomlemea. Kinachosemwa humu kinabaki humu, akasema, akaandika hivyo kwa herufi kubwa ukutani. Meneja akaitikia kwa kichwa. Mhasibu akasema yeye huchelewa kuamka. Karani akasema anaogopa kusimama mbele za watu. Makofi.

Zamu ya Ta Rwegasira. Alipiga magoti katikati ya maputo, kichwa wazi, siku ya pili bila chakula. Akasema mvua ya Julai iliingia stoo ikalowesha magunia matatu. Aliogopa. Akayafungua, akaichanganya kahawa ile na kavu niliyokwisha kuipitisha, akashona midomo ya magunia upya. "Huyu binti hana kosa. Nimemwona akisulubiwa nikanyamaza. Mnisamehe, waitu, ndugu zangu."

Dada hakujua apige makofi au vipi.

Nilidhani nitafurahi. Nilitaka kumrukia. Miezi miwili anaitikia shikamoo yangu! Anakunywa chai nami! Nilitoka nje nikalia kwa hasira, nikarudi, nikamkuta bado yuko magotini. Hakuna aliyemwinua. Nikamwinua mimi. Mikono yake ilikuwa baridi.

Akaongeza jambo moja, kwa sauti ndogo: kuhusu bati alimwandikia meneja mara mbili, kabla ya mvua. Meneja akasema twende chai.

Ijumaa, 5 Septemba

Kabla hatujavua fulana, meneja kamsimamisha kazi Ta Rwegasira. Pale pale Rugu, chini ya maandishi ya kinachosemwa humu kinabaki humu. Jumatatu kamati itamjadili yeye. Barua yangu imefutwa. "Hongera, Devotha."

Nikamtupia fulana mezani. Bati halikutajwa popote. Mjinga mimi, nilimngoja alitaje. Dada wa Mwanza alikuwa anakunja karatasi zake, macho chini. Huyo hata simlaumu.

Kazi yangu ninayo. Siitaki hivi.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa nimepanda bodaboda hadi Kimuli. Nilikwenda na maneno yangu makali kwa ajili ya Ta Rwegasira, nimeyapanga njia nzima. Sikuyasema.

Alikuwa uani na mkewe. Kaingia ndani, katoa nakala za zile barua mbili za bati, zimepigwa mhuri wa ofisi yetu, zimepokelewa. Hakuwahi kumwonyesha mtu. Sasa ziko kwenye mkoba wangu. Kesho naingia nazo kwenye kamati, waniite wasiniite.

Kaniambia yale mafungo yalikuwa mazuri, ila padri hakufika. Sikumsahihisha.

Baadaye kasinzia kwenye kiti, jua likimpiga magotini, mdomo wazi. Mkewe kaninong'oneza kwamba tangu Julai usingizi ulimkimbia, anazunguka nyumba, na tangu arudi Rugu analala popote anapokaa. Kanisogezea kigoda na kisu. Tumemenya ndizi bila kuongea, asiamke.