Baba, Batri Hii Haipendi Kushiba

Baba,

Tumefika! Acha nianze na hilo, maana tangu jana nimeshindwa kulibeba peke yangu. Mimi na Mama tumefika kijijini kwenu na gari la umeme, kilomita arobaini kwenda na arobaini kurudi, barabara ile ile ya mchanga unayoijua, na tukarudi Kamina jua bado liko juu. Mama ameliona kaburi lako. Amelishika kwa mikono yake miwili. Sasa nimekaa barazani kwetu, daftari la shule liko magotini, na mkono unakimbia kuliko akili, kwa hiyo leo usinisahihishe maandishi kama ulivyozoea.

Nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu ulituacha kabla gari halijafika, na hujui nimelifanyia nini kwa jina lako.

Unakumbuka mdogo wangu Kasongo alikuonyesha kwenye simu picha ya gari hili alilotununulia? Ulikuwa umeegemea mito miwili, ukacheka mpaka ukakohoa. "Gari ya batri tupu? Basi minyi njo munganga yake!" Yaani wewe ndiye daktari wake. Wiki tatu baadaye tukakuzika kwenu. Mama hakuwepo. Alikuwa amelala hospitalini, nyonga imevunjika, na tulimwambia habari za mazishi kwa kumshika mkono tu. Tangu alipotoka huko amekuwa akiomba kitu kimoja, aone ulipolala. Lakini moto, yaani pikipiki, hawezi kupanda, na malori yanayokwenda kule hujaa magunia mpaka juu, na abiria hukaa juu ya magunia. Nikamwahidi kwamba gari la Kasongo litampeleka. Nilimwahidi mbele ya watu, Baba, unanijua.

Gari likaja kwa treni kutoka Lubumbashi, limefungwa kamba juu ya behewa la wazi. Wenzako wa depo ya reli wakaja wote kulishusha kwa mbao, na mzee mmoja akavua kofia, akakutaja kwa jina langu: "Kama Baba Mujinga angekuwako, leo asingekula." Kweli kabisa. Usingekula. Ungelala chini yake na koti lako la kazi kuitafuta batri ilipo.

Basi nikasema, bwana wa batri hayupo, lakini binti yake yupo. Nimekua nikiona ulivyozitunza batri za mashine za reli. Nakumbuka kile kipimo cha kioo cha kupimia asidi, ulichokibeba mfukoni kama wengine wanavyobeba kalamu. Nakumbuka mashati yenye matundu ya asidi, na Mama akitia viraka juu ya viraka, na pipa la maji ya mvua ambayo hatukuruhusiwa hata kunawa kwa sababu yalikuwa maji ya batri. Na nakumbuka sheria yako, uliyoisema hata kwa wageni waliokuja kuomba tochi tu. "Batri iko sawa na muntu. Usiiache ilale na njala."

Nikaishika sheria hiyo kama katekisimu. Kasongo alituma na paneli za sola, nikazipandisha juu ya bati. Kila nikitoka shuleni kufundisha, gari bado lina joto la barabara, nachomeka waya. Batri ikiwa imebaki kidogo ijae, naijaza. Ikiwa imejaa, naiacha hapo hapo kwenye waya isije ikapungua. Likizo kubwa nilikwenda kwa Kasongo miezi miwili, na kabla ya kuondoka nikaijaza mia kwa mia, nikalifungia gari chini ya banda la mabati, nikampa Mama taarifa kwa majivuno: nimeiacha imeshiba.

Sasa sikia. Gari hili lina vijiti kumi na viwili vidogo kwenye dashibodi, vinaonyesha afya ya batri yenyewe, si chakula cha siku ile. Niliporudi vilikuwa tisa. Kimoja kilikuwa kimeshakwenda zamani nikakifumbia macho, lakini viwili viliondoka wakati wa likizo, wakati mimi nikijisifu. Hata hivyo Jumamosi ya wiki ile nikampakia Mama, na nguo yake ya kanisa, na maua ya plastiki. Tuliondoka saa sita mchana, nikaendesha kama mtu anayefukuzwa. Hata nusu ya njia hatujafika, chakula cha batri kimeshuka chini ya nusu. Nikasimamisha gari. Tungeweza kufika, lakini tusingerudi, na mimi sikuwa tayari kumlaza Mama barabarani. Nikageuza. Mama hakunilaumu. Aligeuza uso dirishani, akaniuliza baadaye kabisa, karibu na reli, "Hii gari yako iko na njala, ao iko na kiburi?" Nilicheka, halafu nikalia, na yeye akalia. Hiyo ndiyo siku mbaya, Baba. Sitairudia tena katika barua hii.

Uliniita Mujinga kwa sababu nilizaliwa na kamba ya kitovu imejizungusha shingoni. Sisi Waluba tunalijua jina hilo na tunaliheshimu. Wageni wa kutoka mashariki wakilisikia huinamisha uso wasionekane wanacheka, kwa sababu kwao linasikika kama mtu asiye na akili. Mara zote nimewajibu kwa ukali. Safari hii nilistahili jina hilo kwa maana zote mbili, kwa kuwa nilikuwa natembea na waya wa kuchaji shingoni na sijui ninachofanya.

Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, mwanzo mpaka mwisho. Nikatafuta kwenye simu, nikampata dada mmoja wa Lubumbashi mwenye gari kama hili. Nikamwandikia mambo yangu yote. Akanitumia sauti, nyuma yake kuku wanapiga kelele: "Ma soeur, dada yangu, batri ya hii gari haipendake kushiba. Ikifika makumi munane, tosha waya." Yaani ikifika themanini kwa mia, chomoa. Akaendelea: usiichaji ikiwa na joto, iache ipumue kwanza. Usiiache ikauke kabisa, lakini usiilaze imejaa, hasa pakiwa na joto. Ujaze mpaka juu siku ya safari ndefu tu, na ukishajaza uondoke. Na vile vijiti vitatu havirudi tena, kama meno ya mtu mzima. Vilivyobaki njo vya kuchunga.

Nilikasirika, Baba. Nilikaa wiki nzima bila kumjibu. Huyu ni nani wa kukusahihisha wewe, uliyewasha mashine za reli miaka yote? Nilikuwa tayari batri ife, lakini neno lako libaki. Ndivyo ilivyokuwa, nakwambia ukweli. Nilihisi nikichomoa ule waya kwenye themanini nimekuchomoa wewe.

Halafu siku moja Mama alipika bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa ziwa Kisale. Tulikula, na nilipokuwa karibu kumaliza, mkono wangu ukasimama wenyewe. Nikasukuma sahani katikati ya meza, ina tonge moja na kipande cha samaki, kile cha tumboni. Mama akaitazama ile sahani, mimi nikaitazama. Hakuna aliyeila. Wewe hukuwahi kumaliza sahani, Baba! Miaka yote! Ulikuwa unarudi kutoka depo na njaa ya mtu wa kubeba vyuma, unakula, na kabla ya kushiba unasimama, unasukuma sahani, unasema, "Hii ya Mujinga." Na mimi nakuja mbio kutoka uani. Nilipokuwa mkubwa, mwalimu mwenye mshahara, bado ulinisukumia. Nilikuuliza siku moja kwa nini hushibi, ukasema mwenye kushiba sana analala mbele ya wageni.

Nikapiga meza kwa kiganja, Mama akashtuka. Sheria nilikuwa nayo, ila nilichukua ile ya depo nikaacha ile ya mezani! Batri zako za reli zilikuwa za madini ya risasi na asidi, zile kweli njaa inaziua. Hii ni ya namna nyingine. Hii inakula kama wewe.

Kuanzia hapo nikageuka mtu wa kuchekesha mtaani. Nimebomoa banda la mabati nikajenga la nyasi, refu, linapitisha upepo, na jirani yetu anapita kila asubuhi na salamu zake, na kuran kwake ni umeme: "Mwalimu, gari ya kuran inalala mu nyumba ya majani, unaifuga ao?" Namwambia ndiyo, naifuga, na mwezi ujao itazaa. Nikirudi shuleni naliacha lipoe, nasahihisha madaftari ya watoto kwanza, ndipo nachomeka. Ikifika themanini nachomoa, hata kama jua bado linachoma bure juu ya bati. Mwanzoni liliniuma, lile jua la bure. Vijiti vikabaki tisa. Mwezi, tisa. Miezi mitano, tisa! Kila Jumamosi nikawa naenda mbali kidogo kuliko Jumamosi iliyopita, polepole, magurudumu yamejazwa vizuri, naandika daftarini nimetoka na ngapi na nimerudi na ngapi. Wiki iliyopita nikafunga daftari nikamwambia Mama, osha nguo ya kanisa.

Jana asubuhi, ndiyo, niliijaza mpaka mia. Ilikuwa na themanini ya juzi, jua likaiongezea, na waya ulipozima taa yake sikusubiri hata chai. Mama alikuwa tayari kitini tangu alfajiri. Niliendesha pole mpaka baiskeli zenye magunia ya makaa zikatupita kwenye mchanga, na wenye baiskeli wakatupungia mkono kwa huruma. Mama akawapungia kama malkia. Tulipofika kwenu bado ilikuwa na zaidi ya nusu. Nilipiga kelele za furaha ndani ya gari, Baba, na ndugu zako wakatoka wakidhani kuna ajali.

Mama alikataa kushikwa. Akatembea na fimbo yake mpaka kwako, akakaa chini, akaweka viganja kwenye udongo. "Baba Mujinga, njo minyi huyu. Nimekawia, lakini nimefika." Kisha akaanza kukupa habari za nyumba, nani ameoa, nani amehama, paa linavuja wapi, na mimi nikaondoka nikawaacha, maana zilikuwa habari zenu.

Tulirudi tukiimba nyimbo za kanisa, yeye sauti ya pili. Nilivyokuwa na furaha, niliposimamisha gari uani nilikimbilia waya, nikauweka shingoni, nataka kuijaza pomoni kama zawadi, kwa kuwa imetuheshimu. Mama akanyoosha fimbo dirishani akanizuia. "Acha ipumue kwanza. Na usiishibishe. Uache ya baba yako."

Uache ya baba yako. Alisema hivyo tu, akaomba ashushwe.

Basi, Baba, pumzika. Tutakuja tena, Mama ameshachagua mwezi. Nakuahidi nitaitunza batri hii kwa sheria yako ya mezani, na yule dada wa Lubumbashi nimemwandikia leo kumwomba radhi. Leo alasiri ilipofika themanini nilichomoa waya, nikasimama kidogo kwenye banda la nyasi, na mdomo ukasema wenyewe: hii ya Baba. Nitasema hivyo kila siku. Wewe uliniachia tonge la mwisho maisha yako yote. Ile ishirini ya juu ni yako.

Binti yako,
Mujinga